Tupeane uzoefu: ndugu yako alipopata kiharusi, masaa ya kwanza yalipotelea wapi?

Mwanzisha uzi, Dar
Wakuu, salaam. Kila tarehe 29 Oktoba ni Siku ya Kiharusi Duniani. Tunapimwa presha bure, tunagawiwa fulana, basi mpaka mwakani. Mimi nataka tuongelee muda tu. Viharusi vingi vinatokana na damu iliyoganda kuziba mshipa wa ubongo, na dawa ya kuyeyusha lile donge mwisho wake ni masaa manne na nusu tangu dalili zianze. Hapo bado kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kwa sababu kama mshipa umepasuka na si kuziba, dawa hiyohiyo inaweza kuua. Sasa pigeni hesabu za kwenu: kikao cha familia, kumsubiri shemeji mwenye gari, foleni ya Mbagala.

Naanza na baba mdogo, Tandika. Alfajiri anakunywa chai, kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Akainama kukiokota kwa mkono uleule, vidole havishiki. Mdomo umeenda upande, maneno yanatoka kama ya mlevi. Mama mdogo akasema ni upepo mbaya. Akapakwa mafuta, akaitwa mzee wa kumsomea. Hospitali wamefika adhuhuri. Daktari hakugombeza mtu, aliuliza tu: mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi? Kila ndugu pale mlangoni akataja saa yake.

Hilo swali mtaulizwa na nyie. Na kama mgonjwa ameamka nacho, inayohesabiwa ni saa aliyopanda kitandani akiwa mzima, si saa mliyomkuta.

Nesi mstaafu, Moshi
Pole mwanangu. Kwetu huku watafiti wa kiharusi walizunguka wilaya ya Hai kuanzia 2003 hadi 2006, na Dar vilevile. Dar walikuta zaidi ya wagonjwa wapya 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka baada ya kusawazisha tofauti za umri, kiwango cha juu sana hata ukilinganisha na nchi nyingine duniani. Kwa hiyo msiseme ni ugonjwa wa wazungu au wa matajiri.

Mimi niongeze yanayofanyika nyumbani kwa nia njema. La kwanza ni uji. Mnamnywesha apate nguvu, kumbe misuli ya kumezea imelegea, uji unaingia kwenye mapafu. Nimeona waliovuka kiharusi chenyewe wakaja kufa kwa nimonia. Asipewe chochote mdomoni, hata maji, mpaka hospitali wamjaribu kumeza. Aspirini nayo muiache, hamjajua kama mshipa umeziba au umepasuka. Vidonge vya presha vya jirani ndiyo kabisa! Presha ikishushwa ghafla ubongo unazidi kukosa damu. Na huo ujumbe wa kuchoma vidole sindano ili damu itoke, ufuteni kwenye simu zenu.

Mlazeni ubavu, andikeni saa, ondokeni.

Fundi bomba, Morogoro
Naomba kuuliza. Ule ujumbe kwamba ukianza kujimwagia maji kichwani ndiyo unapata kiharusi, una ukweli? Maana mtaani kwetu wawili wameangukia bafuni.

Nesi mstaafu, Moshi
Hauna ukweli. Presha hupanda asubuhi mtu anapoamka, na viharusi vingi hutokea saa hizo. Saa hizo watu wako wapi? Bafuni na chooni. Wewe fundi washauri wateja wenye wazee waondoe komeo la ndani, maana mlango kuvunjwa nao ni muda.

Mpwani, Mombasa
Mamangu mkono ulimfa ganzi na ulimi ukawa mzito, kama robo saa hivi, kisha vyote vikarudi. Sote tukasema alhamdulillahi, tukaendelea na shughuli za arusi. Kesho yake kikaja chenyewe. Daktari akatwambia kile cha kwanza kilikuwa ni onyo, na siku mbili baada yake ndizo za hatari zaidi. Basi jamani, kikija kikaondoka, ndipo mkimbie.

Mama wa wawili, Mwanza
Nyie mnaongelea wazee. Mwanangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na kiharusi kilimpata akiwa darasa la pili. Mwalimu alidhani anafanya utundu: penseli inadondoka, anaokota, inadondoka tena. Alikuja kushtuka alipoona mguu unaburuzika. Siku hizi anatumia dawa ya selimundu, haidroksiyurea, na hajapata kingine. Wenye watoto wa selimundu, ulizeni kliniki kuhusu kipimo cha kuangalia mishipa ya kichwa kabla hakijatokea, si baada.

Mke wa dereva, Dodoma
Mume wangu alikuwa na dawa za presha, akaziacha kwa sababu alipimwa akakuta imekaa sawa. Imekaa sawa kwa sababu ya dawa! Hilo nimelisema mpaka nimechoka. Sasa hivi namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Mkono wa kushoto tunaufanyisha mazoezi kwa maharage: anahamisha moja moja kutoka bakuli hili kwenda lile. Mwanzoni yalikuwa yanaishia sakafuni na yeye anatukana. Kuna mtu kwake amekuwa na hasira hivi? Analia bila sababu, halafu anacheka. Wifi zangu wanasema nimemfanyia kitu.

Mwanzisha uzi, Dar
Dada, baba mdogo alikuwa hivyohivyo, na daktari alisema ni ubongo uliojeruhiwa. Mwambie daktari wake siku ya kliniki, huwa kuna dawa ya hilo. Wifi mmoja aende na wewe, asikie mwenyewe.

Mwingine aendelee. Wa mikoani hasa: hospitali nyingi za rufaa za mikoa zimewekewa mashine za CT miaka ya karibuni. Ya kwenu usiku inafanya kazi, au mtaalamu mpaka akaitwe nyumbani kwake?