Rangi ya geti imerukia rimu, naitoaje bila kuharibu klia, lile tabaka angavu la juu?

Mgosi_Raskazone: Wadau, habari za jioni. Juzi fundi kanipigia rangi geti kwa kompresa. Upepo wa bahari hapa Tanga mnaujua wenyewe. Bodi la gari nililifunika turubai, magurudumu nikayasahau. Sasa rimu mbili za kushoto zina vidoa vyeusi, utadhani zimetuliwa na inzi. Ni rangi ya mafuta, ina siku tatu. Rimu ni za aluminiamu, zilikuja na gari. Jirani kaniletea thina na katani ya chuma, eti nisugue tu. Mkono umesita.

KangaMbili: Pole kaka. Katani iachie masufuria.

Mzee_wa_Dau: Fundi wa geti kasemaje?

Mgosi_Raskazone: Kasema ni upepo.

FundiRangi_Ngamiani: Mgosi, vizuri umesita. Klia ya kiwandani huokwa kwa joto, ni ngumu. Lakini kama aliyekuwa na gari kabla yako alizipiga rimu rangi ya NC mtaani, ile inayokauka yenyewe bila kuokwa, thina itazivua zote. Kwa hiyo anza kwa tapentaini, ni pole kuliko thina ya magari. Jaribu upande wa ndani pasipoonekana, kwa pamba. Ikitoka na weusi wa geti tu, endelea. Ikitoka na rangi ya fedha, acha hapo hapo.

Kabla ya yote osha kwa maji ya sabuni. Vumbi la breki lina chembe za chuma, ukilisugua unachora klia mwenyewe. Rimu iwe baridi, kivulini. Usimwagie, lowesha kitambaa, kibandike juu ya doa dakika moja au mbili, rangi ilainike, halafu isukume kwa ukucha au kadi ya plastiki. Suuza kwa sabuni. Tapentaini isiguse pedi wala diski za breki, na tairi nalo usiliogeshe. Ukiweza, fungua gurudumu kabisa. Siku tatu rangi bado changa, ukingoja mwezi utanikumbuka.

KangaMbili: Na mafuta ya breki? Nasikia yanatoa rangi.

FundiRangi_Ngamiani: Yanatoa dada, pamoja na ya rimu.

Mgosi_Raskazone: Mrejesho. Pamba ilitoka nyeusi tupu, nikaendelea. Vidoa vingi vimeachia. Vile vya kwenye mashimo ya nati vilinitoa jasho, nikavimalizia kwa kijiti cha meno kilichozungushiwa kitambaa. Ila pembeni ya rimu moja kuna weupe kama ukungu chini ya klia, umechora vijinjia. Tapentaini haiugusi.

FundiRangi_Ngamiani: Hiyo si ya geti. Klia ilipasuka zamani, chumvi ikapenya, aluminiamu inaliwa. Usisugue zaidi. Hapo ni kukwangua kwa msasa na kupiga upya.

Mgosi_Raskazone: Sawa, nitaileta. Kesho fundi wa geti anarudi kupiga mkono wa pili, gari linalala kwa shemeji.