Kompyuta ya mezani inakwaruza asubuhi na kuvuma mchana: nitajuaje kelele inatoka wapi?

Steshenari_Nkuhungu aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina duka dogo la steshenari hapa Nkuhungu, Dodoma, na kazi zangu zote za kuchapa, kutoa nakala na kuwajazia watu fomu za mtandaoni zinategemea kompyuta moja ya mezani niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kwa muda wa miezi miwili sasa inapiga kelele kiasi kwamba mteja aliyesimama upande wa pili wa kaunta hulazimika kuniomba nirudie nilichosema.

Nizieleze kelele zenyewe kwa uangalifu. Asubuhi ninapoiwasha, hasa siku hizi za Julai ambapo baridi ya Dodoma inauma, husikika mkwaruzo kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo; hudumu kama dakika kumi, kisha hutulia wenyewe. Kuanzia saa saba mchana mkwaruzo haupo tena, bali mashine huvuma kama upepo unaopita chini ya bati, na mvumo huo hupanda nikifungua faili kubwa la kuchapa, hushuka nikilifunga. Fundi mmoja aliichukua, akaniambia pawa saplai (kifaa kinachoigawia mashine umeme) imechoka, akaweka nyingine kwa shilingi 45,000. Nililipa, na kesho yake asubuhi mkwaruzo ulikuwa palepale.

Sitaki kulipia kifaa cha pili kwa kubahatisha. Naomba mnielekeze namna ya kukitafuta chanzo mimi mwenyewe, bila vifaa vya gharama na bila kuiharibu mashine inayowalisha watoto wangu.

Fundi_Majengo alijibu:

Pole kwa hasara, ndugu yangu, ila maelezo yako yamekwisha kufanya nusu ya kazi. Unazungumzia kelele mbili, na kwa maoni yangu kila moja ina chanzo chake. Ndiyo maana kubadilisha kifaa kimoja kwa kukisia hakukusaidia kitu.

Mkwaruzo wa asubuhi unaopotea mashine ikipata joto ni dalili ya feni ya bushi, yaani kibomba kidogo kinachoushika mhimili, iliyokaukiwa mafuta. Feni nyingi za bei nafuu hazina beringi za gololi. Mhimili wake huzunguka ndani ya bushi yenye mafuta kidogo tu, na mafuta hayo yakizeeka huwa mazito kwa baridi, mhimili ukacheza na kugonga kuta za bushi mpaka joto liyalainishe. Mvumo wa mchana ni jambo jingine. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, hupima joto la prosesa, kile kifaa kinachofanya hesabu zote, na kuiongezea feni mwendo kila joto linapopanda, na hapa kwetu, ambapo mvua ikikatika mwezi wa Aprili au Mei tunakaa na upepo mkavu hadi kuelekea Desemba, cha kwanza kushukiwa ni vumbi.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kelele inatoka kwenye kompyuta yenyewe. Zima kompyuta, acha stabilaiza au UPS ikiwaka, usikilize. Nimekwisha kuletewa mashine mbili zisizo na kasoro yoyote, kumbe kilichokuwa kikinguruma ni stabilaiza iliyowekwa chini ya meza ileile.

Baada ya hapo chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, kisha rudisha waya na uiwashe ikiwa wazi. Viringisha karatasi ya A4 iwe bomba jembamba, weka ncha moja sikioni na nyingine uisogeze karibu na kila feni bila kuigusa: ya prosesa, ya nyuma ya kasha, ya pawa saplai, na ya kadi ya picha kama ipo. Bomba hilo hupunguza sauti za pembeni, sikio likabaki na sehemu moja tu. Ukiishuku feni fulani, chukua penseli yenye kifutio, uguse kwa kifutio kitovu cha feni, si mapanga yake, taratibu, mpaka isimame kwa sekunde mbili au tatu. Mkwaruzo ukikoma pamoja nayo, umempata mhusika. Feni ya prosesa usiishikilie zaidi ya hapo, na usitumie bisibisi wala kitu chochote cha chuma. Jaribio hili lifanye asubuhi kukiwa bado na baridi, kwa maana mgonjwa hupimwa akiwa na homa.

Pawa saplai usiifungue kamwe. Kapasita zake, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Mtunza_Kumbukumbu alijibu:

Naomba niongeze jambo ambalo mimi ningelitanguliza. Kabla hujagusa bisibisi, hamishia kazi za wateja wako kwenye diski ya nje. Niliwahi kuudhania mlio wa «tak, tak, tak» kuwa ni waya unaoguswa na feni. Nikahangaika na feni kwa siku nne huku diski ya ndani inayohifadhi mafaili ikifa, na barua za ofisi za miaka sita zikapotea nayo. Hadi leo nikikumbuka siku hizo nne naumia.

Kuvitofautisha si vigumu ukijua cha kusikiliza. Diski nyingi za aina ya kuzunguka katika kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde, na mwendo huo haubadiliki hata kazi iwe nzito namna gani. Kwa hiyo mvumo wake ni wa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na juu yake husikika vijimlio vidogo inaposoma na kuandika. Kelele inayopanda na kushuka kulingana na kazi, kama hiyo yako ya mchana, ni ya feni. Lakini ukisikia kugonga kunakojirudia kwa mpigo, huku mafaili yakichelewa kufunguka, zima mashine, wala usiiwashe tena isipokuwa kwa ajili ya kuokoa kilichomo.

Mwalimu_wa_Kongwa alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia. Ninalotaka kulisemea ni usafishaji, kwa sababu nimeona feni nzima zikiuawa na blowa. Unapopuliza vumbi, shikilia mapanga ya feni kwa kidole au kijiti yasizunguke. Upepo wa blowa huweza kuizungusha kwa kasi ambayo bushi yake haikutengenezewa, na feni iliyoingia na vumbi tu ikatoka ikiwa na mkwaruzo. Pulizia nje, kasha likiwa limechomolewa kabisa, vumbi lisirudi dukani. Tena usiishie kwenye mapanga. Ing'oe feni ya prosesa, uangalie mabati membamba ya alumini yaliyo chini yake, kwani huko ndiko vumbi hujishonea na kuziba njia ya hewa. Mabati yenyewe yaache mahali pake. Ukiyang'oa itakubidi uweke upya ile dawa nyeupe ya kupitisha joto.

Kuhusu feni iliyokauka, watakuja watu kukushauri uitie mafuta. Mimi siungi mkono. Feni ya kasha ni kitu cha bei ndogo, na mafuta hayakarabati bushi iliyokwisha kulika. Nunua mpya, na kama ipo ya beringi chukua hiyo, lakini pima kwanza upana wa ile ya zamani, kwa sababu ya milimita 92 haikai pa milimita 80.

Fundi_Majengo alijibu:

Mwalimu, kwa heshima zote, aliyeko dukani leo na wateja wanasubiri hawezi kungoja feni ifike. Mafuta ya cherehani, matone mawili tu, huituliza kwa wiki kadhaa, naye akapata nafasi ya kutafuta feni ya kufaa. Mafuta ya kula ndiyo asiyatie, kwa kuwa huganda kama gundi. Kuhusu beringi nakuunga mkono.

Steshenari_Nkuhungu alijibu:

Ndugu zangu, nimerudi na matokeo. Kazi zote nilizihamisha kwanza, kama nilivyoshauriwa.

Jana saa moja asubuhi niliiwasha ikiwa wazi. Bomba la karatasi lilinipeleka moja kwa moja kwenye feni ya nyuma ya kasha, ambayo sikuwa nimeishuku hata kidogo. Nilipoigusa kitovu kwa kifutio, duka zima lilinyamaza. Nilipoiachia, kokoto zikarudi. Niliizima mashine, nikaing'oa feni na kuibandua stika ya nyuma. Chini yake palikuwa na kizibo kidogo cha mpira, na mhimili ulikuwa mkavu, umezungukwa na uchafu mweusi. Niliusafisha kwa pamba, nikatia matone mawili ya mafuta ya cherehani ya jirani yangu fundi nguo. Leo asubuhi haikukwaruza.

Kuhusu mvumo wa mchana, Mwalimu alisema kweli. Mapanga ya feni ya prosesa yalikuwa na vumbi la kawaida tu, lakini nilipoing'oa nilikuta juu ya mabati tabaka la vumbi jekundu lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Nililiinua lote kwa vidole viwili. Kwa programu ya HWMonitor, joto la prosesa wakati wa kuchapa lilikuwa nyuzi 88 kabla ya kusafisha, sasa ni 61. Nimeliondoa kasha sakafuni karibu na mlango, nikalipandisha juu ya stuli.

Limebaki jambo moja. Sasa kwa kuwa kumetulia, nasikia mngurumo mdogo wa sauti moja ambao haubadiliki. Nikiweka kiganja juu ya kasha na kukandamiza, unakoma.

Fundi_Majengo alijibu:

Huo ni mtikisiko wa diski unaoingia kwenye bati la kasha. Zima, uangalie skrubu zinazoishikilia diski. Zinatakiwa kuwa nne, mbili kila upande. Wakati wa kubadilisha pawa saplai, wakati mwingine diski huondolewa ili kupisha mkono.

Steshenari_Nkuhungu alijibu:

Ilikuwa na skrubu moja tu. Nimeongeza tatu kutoka kwenye kasha bovu nililokuwa nalo stoo, na mngurumo umekwisha. Feni ya beringi ya milimita 92 nimeagiza. Itakapofika nitaiondoa hii niliyoitia mafuta.