Kuamsha alambiki (mtambo wa kupikia pombe kali) ya shaba ya familia: isafishwe ao inunuliwe mpya?

Wa Kadutu: Jambo ndugu zangu. Familia inataka kurudia kanyanga (pombe kali) ya ndizi ambayo babu alikuwa akiuza hapa Bukavu, safari hii kwa vibali na chupa zenye jina la nyumba. Alambiki ya shaba ya lita 120 ipo, lakini imelala miaka mingi. Ndani ina kutu ya kijani, na bomba la kupozea liliungwa kwa risasi, kama redieta ya gari. Itafaa?

Fundi Shaba: Ndugu, chungu usikibadilishe. Shaba hunasa salfa ya hamira. Kanyanga ya pipa la chuma hunuka yai bovu kwa sababu hiyo. Kutu ya kijani sugua kwa ndimu na chumvi, suuza, chemsha maji matupu mpaka mvuke upite bomba lote, kisha pika kasiksi (pombe ya ndizi iliyochachuka) mara moja na umwage yote inayotoka.

Hatari iko kwenye bomba. Kanyanga ina uchachu, na uchachu huyeyusha risasi; haionekani, hainusiki, na kuosha hakuiondoi. Kata sehemu yote iliyoungwa, weka shaba mpya, iungwe kwa madini ya fedha yasiyo na kadmiamu, ambayo ni sumu. Kofia izibe kwa uji mzito wa unga tu: njia ya mvuke ikiziba, unga utaachia kabla chungu hakijapasuka. Usijaze kupita lita 90, kasiksi hupanda povu.

Mama wa Walungu: Unga wa mtama wa kukaanga unachachusha vizuri, lakini chuja kwa kitambaa mara mbili kabla ya kupika. Ukitulia chini unaungua, na ile harufu ya moshi haitoki hata ukipika tena. Maganda na nyama ya ndizi visiingie pipani, maji yake tu: pektini iliyo ndani yake ndiyo huzaa methanoli, kileo chenye sumu.

Wa Kadutu: Asante mama. Methanoli si inatoka yote na kichwa, yale matone ya kwanza?

Fundi Shaba: Hapana! Ikiwa peke yake huchemka kwa 64.7°C, lakini ndani ya maji na kileo huja toka mwanzo mpaka mwisho. Kichwa tunamwaga hasa kwa ajili ya asetaldehidi, kemikali yenye harufu kali. Mpiko wa pili, kwa kila lita 30 mwaga mililita 300 hadi 600 za kwanza, kusanya moyo (sehemu ya katikati, ya kunywa) mpaka kipimo cha kileo kishuke hadi 55%, mkia (kinachotoka mwisho) urudishe mpiko unaofuata. Pima kileo kikiwa 20°C. Kikiwa moto kipimo kinasoma juu kuliko kweli. Bukavu iko karibu mita 1,500, maji huchemka karibu 95°C, basi namba za joto za vitabu zipunguze kama nyuzi tano. Moto wa buluu si kipimo cha methanoli: sampuli ipimwe maabara, muone OCC (ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa), na DGDA (idara ya forodha) kwa ushuru wa akisi, kabla ya kuchapisha lebo.

Mama wa Walungu: Kushusha 60% mpaka 40%, lita 10 zinataka maji kama lita 5. Yawe yasiyo na chokaa, yaingie kidogo kidogo, la sivyo chupa zitafanya ukungu.