Samansi ya benki imefika: niweke wakili, nikapatane nao au niuze nyumba mwenyewe?

Baba_Goba: Wakuu, nilikopa kwa rehani ya nyumba, biashara ikayumba, marejesho yakasimama. Jana nimeletewa samansi, nikasaini. Naona njia tatu: wakili, meneja wa tawi anipangie upya, au nitafute mteja niuze nilipe. Ipi ina nafuu?

Msomi wa Ubungo: Samansi ya aina gani? Kesi ya kawaida unapeleka utetezi wa maandishi ndani ya siku 21. Kama ni ya muhtasari, yaani ya kuharakishwa chini ya Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, hujitetei mpaka uombe ruhusa ya mahakama kwanza. Na deni limebaki kiasi gani?

mama_Chausiku: Meneja tu. Benki inataka hela, nyumba ya nini? Nenda na chochote mkononi.

Dogo_Sheria: Kaongee, ila siku za kujibu zinaendelea kuhesabika. Mkipatana, makubaliano yasajiliwe mahakamani.

Tozi84: Shemeji yangu aliingizwa mjini. Jamaa mmoja nje ya mahakama, mkoba na mihuri kamili, akamwandikia utetezi mrefu: riba kubwa, mvua iliharibu duka, mtoto aliumwa. Kumbe kesi ni ya muhtasari na ruhusa haikuombwa. Utetezi ukawekwa kando, madai yote yakahesabiwa kuwa ameyakubali, benki ikapewa hukumu. Kumpigia "wakili", hapatikani. Kishoka, wakili feki! Kabla hujatoa hata mia, tafuta jina lake e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wenye orodha ya mawakili.

Baba_Goba: Asanteni. Siwezi kuweka zuio tu, mahakama iwakataze kuuza nyumba?

Dogo_Sheria: Zuio halitolewi kama pipi, lina masharti yake tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe, 1969. Una mke? Aliridhia rehani? Kama ni nyumba ya familia, soma kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi.

mama_Chausiku: Mke mnamkumbuka dalali akishafika. Siku ya kula mkopo alikuwa wapi?

Tozi84: Mama, hujui hata kama ana mke.

mama_Chausiku: Si ndiyo aseme!

Mzee wa Viwanja: Auze mwenyewe. Mnadani inakwenda bei ya kutupa.

Msomi wa Ubungo: Ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia benki haikutafuta bei nzuri. Lakini utalidai hilo ukiwa umeshapanga kwa watu. Na utauzaje hati ikiwa kwao? Lazima wakubali.

Mzee wa Viwanja: Watakubali, nimeshaona nyingi. Mkuu, Goba ipi hiyo? Gari inafika mpaka getini?