Go ya mwaka 2004 na Go ya Google: ni lugha moja au mbili?

Mtafiti_Chipukizi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandika sura ya mapitio ya maandishi katika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu programu wakala, yaani zile zinazojiamulia hatua na kutumiana ujumbe bila kungoja mtu aziongoze, na nimekwama mahali ambapo msimamizi wangu hataki nipite kwa kubahatisha. Nimepata makala ya Keith Clark na Francis McCabe iliyochapishwa mwaka 2004, inayoeleza lugha ya kuandikia programu inayoitwa Go, ilhali kila ninaposoma naambiwa kwamba Go ilitangazwa na Google mwezi Novemba 2009. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba makala hiyo inazungumzia kazi nyingi zinazoendeshwa sambamba huku zikipelekeana ujumbe, na hilo ndilo jambo ambalo Go ya Google husifiwa kwalo. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba Google waliichukua lugha ile wakaiendeleza; mwingine anasema mwaka wa makala umekosewa na wapiga chapa. Yupi kati yao yuko sahihi?

Fundi_wa_Kompaila amejibu:

Ndugu Mtafiti, wenzako wote wawili wamekosea, na mwaka wa makala yako ni sahihi. Hizo ni lugha mbili ambazo hazina undugu wowote. Ya Clark na McCabe huandikwa Go! ikiwa na alama ya mshangao, na alama hiyo ni sehemu ya jina. Kwa bahati mbaya injini nyingi za utafutaji huitupa, na hata orodha za maktaba huichukulia kuwa nakshi tu, hivyo jina hubaki Go na msomaji hupotea.

Go! ilitokana na utafiti wa programu wakala, ambao Clark aliufanya kwa miaka mingi katika chuo cha Imperial College London, na asili yake ni upande wa lugha za mantiki. Mtu aliyewahi kuandika Prolog, mojawapo ya lugha hizo, ataitambua sura yake mara moja: humo utakuta uhusiano unaoelezwa kwa kanuni za mantiki, fanksheni zinazoelezwa kwa mishale ya =>, na taratibu za vitendo zilizotengwa na hivyo viwili. Kabla yake watu hao hao walitengeneza lugha nyingine ya wakala iliyoitwa April, ambayo kuitafuta mtandaoni ni kazi ya kuchosha, kwa kuwa utaletewa kalenda za kila aina.

Go ya Google ilianza kusanifiwa mwaka 2007 na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, na ukoo wake ni ule wa lugha ya C. Faili lake huanza na neno package, fanksheni zake hutangulizwa na func, na ujumbe hupita katika njia maalumu zinazotangazwa kwa neno chan. Kwa hiyo usiangalie jina wala mada; fungua mfano wa kwanza wa msimbo uliomo katika makala. Ukiona package main, ni ya Google. Ukiona kanuni zilizoandikwa kwa mtindo wa Prolog, ni ya Clark na McCabe.

Katika marejeo yako andika Go! pamoja na alama yake, kisha yataje majina ya waasisi ndani ya sentensi pale lugha inapotajwa kwa mara ya kwanza. Ya Google waweza kuiita Golang, jina ambalo si rasmi lakini linaeleweka kwa kila mtu.

Msomaji_Mzee amejibu:

Naongeza jambo moja ambalo Fundi amelipita. McCabe mwenyewe alilalamika mara tu baada ya tangazo la mwaka 2009. Aliandika katika orodha ya hitilafu za mradi wa Google, hoja namba 9, kwamba jina hilo alikwisha kulitumia kwa lugha yake, na alikuwa na kitabu alichokichapisha mwaka 2007 cha kuthibitisha. Hoja hiyo ilikaa hadi Oktoba 2010, ikafungwa kwa alama yenye maana ya "bahati mbaya", pamoja na maelezo kwamba bidhaa nyingi za kompyuta zinaitwa Go na kwamba katika miezi 11 watu waliochanganya lugha hizo mbili walikuwa wachache mno. Kwa maoni yangu jibu hilo lilikuwa la mwenye nguvu. Uchache wa waliochanganyikiwa ulitokana na lugha moja kumezwa na nyingine, na swali lililoulizwa hapa ni ushahidi wa kutosha.

Apple angalau walikuwa waungwana zaidi. Walipoitangaza lugha yao ya Swift mwezi Juni 2014, tayari palikuwa na Swift nyingine, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na maabara ya Argonne, ya kuendeshea kazi za kisayansi sambamba kwenye kompyuta nyingi, na ukurasa wa Apple uliwaelekeza waliokuwa wakiitafuta hiyo ya kwanza.

Mtafiti_Chipukizi ameandika:

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nimefungua mfano wa kwanza katika makala nikaikuta mishale ile ile.

Naomba msaada mmoja zaidi. Katika sura hiyo hiyo nataka kuitaja lugha ya E, na nimepata katika hifadhi ya zamani faili lenye kiambishi cha .e mwishoni mwa jina lake ambalo nilitaka kulitumia kama mfano. Je, kiambishi hicho kinatosha kuwa uthibitisho?

Fundi_wa_Kompaila amejibu:

Hakitoshi hata kidogo. Unayoihitaji wewe ni E ya mwaka 1997, ya Mark Miller, Dan Bornstein na wenzao, iliyokusudiwa kwa programu salama zilizosambaa kwenye mtandao; humo utaona def, alama ya := na mshale wa <- unaopeleka ujumbe bila kungoja jibu. Lakini .e hutumiwa pia na lugha ya Eiffel ya Bertrand Meyer, ambayo utaitambua kwa maneno class na feature, na vilevile na Amiga E, lugha ya kompyuta za Amiga, ya Wouter van Oortmerssen ya mwaka 1993, ambayo maneno yake makuu huandikwa kwa herufi kubwa. Tuwekee hapa mistari ya mwanzo.

Mtafiti_Chipukizi ameandika:

Mstari wa kwanza ni PROC main() na wa mwisho ni ENDPROC. Basi ni ya Amiga, na haihusiani na mada yangu. Nimeliondoa faili hilo kwenye sura, na nitatafuta mfano wenye <- ndani yake.