Bi mkubwa GFR 9: mkono ufungwe fistula sasa au tungoje?

Kijana_wa_Wete: Asalaam alaykum. Bi mkubwa wangu ana miaka 58, sukari na presha za siku nyingi. Mafigo yamechoka: kreatinini (taka ambayo figo huiondoa kwenye damu) 450, GFR (kipimo cha uchujaji wa figo) 9, potasiamu 5.6, damu (himoglobini) 8.9. Mkojo anapata, kama lita moja kwa siku. Daktari anataka afanyiwe fistula ya mkono, na mashine ya kuchuja damu atakwenda Mnazi Mmoja, Unguja. Nyumbani wanasema akishaingia mashine hatoki tena, bora mitishamba kwanza. Mnasemaje?

Bahari_Shwari: Waalaykum salaam. Mashine haimfungi mtu, ni mafigo yenyewe. Kila figo huanza na vichujio karibu milioni 1, na sukari ikishaviua havioti vipya. Figo lililopigwa ghafla, kwa malaria kali au kuharisha mpaka maji yakaisha mwilini, hilo huweza kuamka na mgonjwa akaacha mashine. La bi mkubwa si la namna hiyo. Na hiyo damu 8.9 ni kwa sababu figo ndilo linaloupelekea uboho amri ya kutengeneza damu. Mashine huchuja tu, amri hiyo haitoi, kwa hiyo tegemeeni sindano za erithropoietini (ndiyo amri yenyewe) na madini ya chuma.

Mkono sasa. Fistula hii (si ile ya uzazi, wazee wakilisikia jina hushtuka) ni ateri kuungwa na vena. Damu ya kasi huitanua vena na kuikomaza, ipate kuchomwa sindano mbili nene mara 3 kwa wiki, kiasi cha saa 4 kila mara. Kukomaa huchukua wiki 6 hadi 12, pengine zaidi. Mkingoja mpaka pumzi zimbane, atatiwa mpira wa shingoni, na mpira ule ni mlango wa vijidudu: akianza kutetemeka kwa baridi akiwa kwenye mashine, mwiteni muuguzi hapo hapo.

Kwa hiyo kuanzia leo mkono asioutumia sana usitolewe damu, usitiwe dripu, usipimwe presha. Akishafungwa, kila asubuhi aweke vidole juu ya kovu, asikie mtetemo kama paka anayekoroma. Ukinyamaza ni hospitali siku hiyo hiyo, maana damu imeganda ndani.

Jiko_la_Mkoani: Potasiamu ikizidi husimamisha moyo bila taarifa, na kwa 5.6 nyinyi mmeshaukaribia ukingo. Madafu yaacheni kabisa, dafu moja lina zaidi ya nusu gramu. Futari ya muhogo, mbatata au ndizi: menyeni, kateni vipande vidogo, chemsheni kwa maji mengi, mwageni, tieni maji mapya, chemsheni tena, mwageni, ndipo mtie tui jepesi. Hata hivyo kwake ni vijiko vichache, si sahani. Ile chumvi inayouzwa "ya wenye presha" someni kopo lake, mara nyingi sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Papa mkavu na ng'onda, hapana.

Akishaanza mashine, maji ni kiasi cha mkojo wa jana ukaongeza nusu lita. Uji, chai na mchuzi vyote vinahesabiwa.

Dk_Mstaafu: Naongeza mawili. Insulini huondoshwa na figo, hivyo figo likichoka dozi ile ile hukaa mwilini muda mrefu na sukari huanguka usiku. Mwambieni daktari aipitie upya. Diklofenaki na ibuprofeni kwa maumivu ya magoti zitupwe, zinabana mishipa inayolisha figo.

Kama kuna ndugu mwenye afya anayekubali kutoa figo, ulizeni mapema. Muhimbili walianza kupandikiza 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma 2018. Atakunywa dawa za kuzuia mwili usilikatae figo kwa muda wote litakapokuwa linafanya kazi.

Kijana_wa_Wete: Ahsanteni sana. Mitishamba yenyewe ni juisi ya birimbi kila asubuhi, ati inashusha presha.

Bahari_Shwari: Ikomeshe leo! Birimbi limejaa oksaleti, ambayo hushikana na kalisi ikawa chembe kama mchanga ndani ya figo. Juisi yake imewahi kuyapiga ghafla hata mafigo mazima. Hata hilo la kwenye mchuzi, kwake mlitoe.

Kijana_wa_Wete: Lipo jagi zima frijini. Namwaga sasa hivi.