Mdogo wangu anasikia jina lake kwenye mashine ya kusaga. Kuna kipimo cha ubongo cha kujua mapema?

BintiWaPasua
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, Pasua. Naomba ushauri, wenye matusi wapite tu.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Tangu amalize shule anashinda kwenye mashine ya kusaga ya baba mdogo. Kama miezi minne sasa amepoa mno. Anakula peke yake, usiku halali, rafiki zake wakija anasema waambieni sipo. Wiki iliyopita nilimpelekea chakula nikamkuta kasimama, kiganja kakiweka kwenye bodi ya mashine. Akaniambia, "Dada, mahindi yakikaribia kwisha hii kitu inaniita jina." Halafu akacheka, "Najua ni mashine tu." Kile kicheko ndicho kimeninyima usingizi.

Mama anasema ni watu wa ukoo, kuna kiwanja Uru kinagombaniwa. Binamu yetu anayesoma nje kaniambia siku hizi wanapima ubongo kwa kumsikilizisha mtu milio, wanajua mapema nani atachanganyikiwa. Nikaulizia, kuna jamaa mjini ana kimashine, unashika kijiti cha chuma, anadai kinasoma ubongo, maini na figo kwa mpigo. 120,000. Ndicho hicho? Hela ninayo, napokea mchezo Jumamosi.

Kibosho_Mjanja
120,000 ya kushika chuma? Nipe mimi nikushikishe jembe.

MamaWatatu
Huyo hapo juu mpuuzeni. Mdogo wangu, anavuta? Muulize kwa upole. Wa kwangu alianza hivyo hivyo kumbe ni bangi kila jioni, na kwa kijana ambaye kichwa kimeshaanza kuyumba ile kitu ni petroli.

FundiWaya
Dada, cha kushika chuma sicho. Anachosema binamu yako kipo kweli, ila ni cha maabara za utafiti. Ubongo una umeme mdogo, unapimwa kwa waya zinazobandikwa kichwani, kipimo kile kile wanachopimwa wenye kifafa. Kwenye utafiti mtu anavaa hedifoni, anaangalia filamu isiyo na sauti, na masikioni inapita pi, pi, pi, pi, mara piii, ndefu kidogo. Hatakiwi hata kusikiliza. Ubongo wenyewe unashtuka, haifiki hata robo ya sekunde, na wimbi linaonekana. Risto Näätänen wa Ufini na wenzake walilieleza mwaka 1978.

Baba yako mdogo hili atalielewa haraka kuliko sisi. Anapiga soga na wateja, mgongo kaipa mashine, lakini mlio ukibadilika anageuka kabla hajajua kwa nini kageuka. Ndicho kinachopimwa.

Kwa wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, wimbi hilo kwa wastani huwa dogo, limepimwa mara nyingi sana na nchi nyingi. Wapo pia waliopima vijana wenye dalili za mwanzo wakawafuatilia. Waliokuja kuugua, kwa wastani, wimbi lao lilikuwa dogo tangu mapema, hasa kwa ule mlio uliorefushwa. Hilo neno "kwa wastani" lishike vizuri. Ukimchukua kijana mmoja mmoja, wapo wazima wenye wimbi dogo na wapo wagonjwa wenye wimbi la kawaida kabisa. Hata ukimfikisha Helsinki, karatasi haitakuambia huyu ataugua au hataugua. Na vijana ambao madaktari wenyewe wamewaona wako hatarini, wengi hawaugui ndani ya miaka 3 inayofuata. Wanaougua ni kama robo.

BintiWaPasua
Asante mkuu. Kwa hiyo nikae nisubiri?

NesiMstaafu
Usisubiri mwanangu. "Najua ni mashine tu" ni maneno mazuri sana hayo, maana yake bado anatenganisha. Mpeleke akiwa bado anayasema. Nenda hospitali ya Mawenzi, ulizia kitengo cha afya ya akili. Wakiona inafaa watawapa rufaa hospitali kubwa ya KCMC.

Masikio nayo yapimwe. Mashine za kusaga zinaua masikio, na sikio bovu hulia lenyewe. Mwambie daktari na habari ya kifafa kama kwenye ukoo kipo. Kuna kifafa kisichoangusha mtu, kinaleta sauti na harufu, na hapo ndipo waya za kichwani zinaweza kuwa na kazi. Akianza kusema sauti inamwamuru ajiumize au aumize mtu, hata iwe saa nane usiku mnatoka.

Mjoli_Rau
Njoo PM dada nikupe namba ya mtumishi. Siku tatu za kufunga tu, linatoka.

NesiMstaafu
Mjoli, ombeni, mimi mwenyewe naomba. Ila kijana asiyelala msimnyime na chakula.

BintiWaPasua
MREJESHO. Tumeenda juzi. Nilimwambia tunaenda kupima masikio, akakubali bila ubishi. La kulia kweli limepungua. Tulipofika kwa daktari wa pili nilijiandaa kueleza mimi, nikaombwa nitoke nje. Nimekaa kwenye benchi karibu saa nzima. Kumbe ameeleza yote mwenyewe, hadi ya mwezi wa tatu ambayo mimi siyajui na sijauliza. Bangi alivuta, ameacha, ndivyo anavyosema. Hajapewa dawa kwa sasa, tunarudi baada ya wiki mbili, na usingizi wake nauandika kwenye daftari.

Baba mdogo kamtoa kwenye mashine, kamweka kwenye mizani. Mama bado anataka Uru kwanza. Na yule jamaa wa kijiti kanipigia mara mbili, eti kashusha hadi 80,000.